Biskwi ya Amuri

Kindu, siku ya posho (Jumamosi)

Siagi iliyeyuka tena! Joto ya hapa mutaa wetu wa Kasuku haina huruma. Mama alikamua unga uliokandwa wa mabiskwi kwa sashe, mufuko ya plastiki iliyokatwa pembe, akaandika herufi ya kwanza ya jina ya kila mutoto wake, sawa vile alifanya wakati wa vita ili tusigombanie mabiskwi. Wakati ule alitumia mawese pahali pa siagi.

Niliudhika. Ndani ya sufuria yenye makala ya moto chini na juu, herufi zote zilitanuka, zikawa viduara tu.

Mama alichagua moja, akaiweka pembeni kwa kisahani. «Hii njo ya Amuri.»

Kaka yangu Amuri alikimbia vita kwa njia ya Pangi. Hatujamuona tena.

Nilitaka kusema zote zinafanana. Badala yake nikatia maji ndani ya beseni, nikaweka kisahani katikati, sisimizi wasiguse biskwi ya kaka yangu.