Kanga za Mama Zimefutwa

Jumatatu, baada ya maghribi

Nani anapika vitumbua kavaa abaya ya kutokea? Leo nimeletewa michoro ya kitabu changu cha watoto, Kiswahili ukurasa huu, Kiarabu ukurasa wa pili, na kanga zote za bibi zimefutwa, kavishwa abaya. Bibi wa hadithi ni mama yangu, na mama hajaingia jikoni hata siku moja bila ya kujifunga kanga.

Khalati Zuwena, mdogo wake mama, ndiye aliyempigia mchoraji simu azifute, mimi hata hakunambia. Nimemfuata mtaani kwake, Bawshar.

"Watu wakiziona kanga watasema sisi si Waarabu," kanijibu. "Nna haki ya kulinda jina letu."

Kayasema hayo kwa Kiswahili, kajitanda kanga, mikono imejaa unga. Nimeondoka bila ya kumuaga.

Na khofu yangu ni Raya. Mwanangu ana miaka sita na huku Uarabuni Kiswahili kinampotea. Kitabu nnamwandikia yeye.

Niliporudi nikamwonesha ule ukurasa wa jikoni. Kautazama, kisha kaniuliza kwa Kiarabu:

"Mama, huyu mgeni nani? Na mbona bibi kamwacha apike peke yake?"