Ushahidi wa Amma

Mahabusu, Singapore
3 Machi 2015

Amma, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Wakili atakuita kizimbani. Nakuomba useme ulichokiona: foili zilizoungua bafuni, na nilivyokuwa natapika nikikosa unga. Walinikamata mpakani na gramu ishirini. Za kuuza zikizidi kumi na tano ni kitanzi. Lakini nusu ilikuwa ya kuvuta mwenyewe, na hiyo haihesabiwi kuwa ya kuuza. Niite teja, Amma. Teja anafungwa, hanyongwi.

Mwanao, Kesavan


Johor Bahru, Malaysia
11 Machi 2015

Kesavan mwanangu, Mungu wetu Murugan akulinde. Mgongo ni ule ule. Unakula lakini?

Hivi una akili kweli? Nisimame mbele za watu nimwite mwanangu wa kumzaa teja! Wakwe wa dada yako Malar wanaleta sinia la tambuu la posa Ijumaa. Nimewaambia umesingiziwa. Wakisikia kaka mtu anavuta unga, sinia litarudi lilikotoka. Nitawaeleza majaji nilivyokulea. Nao wana mama zao. Acha woga.

Mama yako


Gerezani
30 Juni 2015

Amma, shikamoo. Ulifika salama?

Uliapa hujawahi kuniona hata na sigara. Wakili alikuuliza mara mbili, ukamkazia macho. Jaji akasema mama niliyeishi naye nyumba moja hakuona dalili yoyote, basi unga wote ni wa kuuza. Ndiyo maana nimehukumiwa kunyongwa. Nilikasirika, Amma, nikapiga ukuta mpaka mkono ukavimba. Rufaa ipo. Njoo useme kweli. Nataka kuishi.

Mwanao, Kesavan


Johor Bahru
9 Julai 2015

Mwanangu, mkono umepona? Ole wangu mimi!

Malar ameolewa Jumapili. Nilipika, nikacheka na wageni, na barua yako nimeificha kifuani. Nakuja. Nitasema yote: foili, matapishi, hata bangili zangu ulizouza. Wakwe wakitaka kumrudisha Malar, wamrudishe. Usikate tamaa, nakusihi.

Mama yako


Gerezani
19 Februari 2016

Amma, shikamoo. Mgongo je, baada ya kukaa kutwa nzima kwenye lile benchi?

Ulisema vizuri. Ila majaji wamekataa, eti mama atasema lolote kumwokoa mwanawe. Ulipodanganya walikuamini, uliposema kweli wamekuita mwongo.

Ombi la msamaha kwa rais nalo limegonga mwamba. Nitanyongwa Ijumaa ijayo. Wanaruhusu nipigwe picha nikiwa na nguo za nyumbani, kwa hiyo lete shati, dogo kuliko yale ya zamani, maana nimekonda. Malar aje, mumewe akimruhusu.

Umeniuliza kupitia wakili kama nimekusamehe. Sijui, Amma. Kila asubuhi najaribu, mchana hasira inarudi. Usisubiri nikujibu ndipo uje. Njoo siku hiyo hiyo utakayopata barua hii.

Mwanao, Kesavan