Mama, Choroko Zangu Zilinuka Udi

Mama yangu kipenzi,

Najua barua haifiki huko uliko, inayofika ni dua, na dua sijakukatia hata swala moja. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani, na wa kumwambia nimekuona ni wewe tu.

Mjukuu wako Raya ana mimba. Ya kwanza. Mumewe anafanya kazi hotelini Kendwa, kamleta kwangu Kiembe Samaki nimtazame, maana kila anachotia mdomoni kinarudi. Wali unarudi, uji unarudi, hata maji. Hospitali washamtundikia dripu, na daktari kasema akiendelea hivi atalazwa. Kakonda mpaka pete inamzunguka kidoleni. Nnamwangalia, na mimi mwenyewe chakula hakinishuki.

Juzi nikamuuliza, "Mwanangu, roho yako inataka nini? Sema tu."

Akafikiri. "Zile choroko za bibi. Zenye mikia."

Alikuwa mdogo sana ulipokuwa ukimpakata jikoni kwetu Malindi, ukimlisha choroko zilizochipua, umezichemsha kwa chumvi na kuzikamulia ndimu. Nilidhani kashasahau.

Basi nikaanza. Nikazichagua kwenye ungo, nikatoa mawe na zilizotobolewa na wadudu, nikaziroweka mpaka zikavimba. Nikazichuja, nikazifunga kwenye nguo mbichi, nikaziweka pembeni penye giza na kuzifunika kawa. Mikono ilikumbuka kabla ya kichwa. Lakini subira yako, Mama, sikuirithi. Nikitoka kuswali, nafunua. Nikipita kwenda uani, nafunua. Nakusikia kabisa ulivyokuwa ukinifokea utotoni: "We Zuhura! Ziache zijisitiri! Kwani wewe ukijifunika shuka unataka watu waje kukuchungulia?"

"Nataka kuona kama zinakua."

"Zinakua kwa amri ya Mungu, si kwa macho yako." Kisha unanipa kata ya maji nizisuuze, ili mikono yangu ipate kazi ya halali.

Zikachipua, Mama. Mikia myeupe, imenona, hata wewe ungeridhika. Nikazichemsha, nikampelekea. Raya akasogeza bakuli usoni, akakunja pua, akakimbilia chooni.

Nikakaa chini palepale. Aliporudi, anafuta macho, akaniuliza, "Mama, hizi umezifukiza?"

"Nani anafukiza choroko?"

"Zinanuka udi. Kama sebuleni siku ya Idi."

Nikanusa. Wallahi, kweli! Nilizifungia kanga yangu nzuri, nimeitoa kwenye kasha, nikijiona namfanyia mjukuu wako heshima. Na wewe ndiye uliyenifunza kwamba nguo haiingii kashani mpaka ipite kwenye chetezo cha udi. Kumbe choroko ulizifungia kile kipande cha kitambaa cha amerikani kilichofuliwa mpaka kikawa laini, hakina harufu ya kitu chochote. Nami miaka yote nikidhani ni kwa sababu hatukuwa na kingine.

Raya, na udhaifu wote ule, akanicheka. "Umeziandaa kama biharusi, Mama. Ulibakisha kuzitia hina." Nikacheka na mimi, huku machozi yananitoka.

Nikachana shuka kuukuu, nikalichemsha, nikalianika juani, nikaanza upya. Hizo siku za kungoja, Mama, sikuwa na pa kukaa. Nafagia uwanja nshaufagia. Hata kwenye swala ya laasiri nilipotewa na rakaa, ikabidi nisujudu sijida ya kusahau. Nikaomba nikiwa kwenye sijida ile ile: Ya Rabbi, mimi sikuombi makubwa, kitulie tu tumboni mwake.

Leo baada ya adhuhuri nimempa, kijiko kimoja kimoja. Ndoo nimeiweka karibu. Akaniambia, "Mama, mtu akikodolewa macho hivyo, hata tende haitamshuka." Nikageukia ukutani. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Kikanyamaza. Kikagonga tena.

Kala nusu bakuli, kisha kalala. Laasiri imeshapita na hakijarudi kitu. Nnakuandikia nimekaa mlangoni kwake, na kila akijigeuza nnasimama. Kesho nampeleka kwa daktari. Sijui atatuambia nini. Sijui kama ni choroko, au ni rehema imeamua kushuka leo kwa njia hii. Nnaogopa kushukuru mapema, na nnaogopa kutoshukuru.

Ngoja, Mama, ananiita.

Anauliza kama zimebaki.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akutie nuru. Mimi nakwenda kuwasha jiko.

Mwanao asiyetulia,
Zuhura