Jua la Kwako Bado Lipo

Bellevue, Johannesburg
Mwezi wa sita, 2018

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje? Na Baba, bado anakataa miwani akidai ni herufi za Biblia zilizopungua? Sisi tuko wazima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno, na nashona nimejifunika blanketi kama mgonjwa.

Mama Furaha, jirani yetu wa chumba cha pili aliyekuletea barua hii, alikuwa aje na Neema. Umemwona amefika peke yake. Najua ulishatandika kitanda cha mjukuu wako, na labda hapo unaposoma umekunja uso. Naomba usome mpaka mwisho, ndipo unigombeze.

Jambo lenyewe unalijua nusu. Baba Neema alichoka mtoto kumjibu Kiingereza kila akimsemesha Kiswahili, mkapanga naye kwenye simu kwamba Neema aje Bukavu akae kwako. Mimi nikaambiwa mwishoni, begi limeshafungwa. Mama, niliwaka. Nilimkasirikia yeye, na wewe pia nilikukasirikia, nisikufiche. Mtoto mwenyewe ninaye huyo mmoja.

"Huyu mutoto atasahau batu yake," alisema Baba Neema. "Anasikia yote, lakini kinywa yake iko ya Kizungu."

"Sasa njo umutupe mbali? Ulimuzaa wewe peke yako?"

Akachukua koti lake la ulinzi, akaenda zake Midrand bila kuaga. Tangu mwezi huu analinda geti la ghala moja huko, zamu ya usiku. Zamani alikuwa zamu ya asubuhi, anarudi kungali na jua.

Hapo nikakumbuka maji. Siku ya arusi yetu ulitupa jagi na beseni, ukatuambia kwamba lile neno la jua lisitue mkiwa na hasira si la kusomwa tu. Aliyekasirika ammiminie mwenzake maji anawe mikono, kabla jua halijatua. Tumelishika miaka yote, hata siku zile nilizommiminia nimenuna, maji yakaishia kwenye viatu vyake. Unanijua, tangu utotoni mimi ni wa kuulizauliza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini maji yale yanafanya kazi hata moyo ukiwa bado mgumu. Pengine ni vigumu kuendelea kumchukia mtu huku umemshikia taulo. Sijui. Wewe unaonaje?

Basi siku ile nikasema nitampigia saa kumi na mbili, hasira zikipoa. Si ndiyo saa ya jua kutua tangu tuzaliwe? Nikaendelea kushona. Kuinua kichwa, dirisha jeusi! Nilisahau kwamba huku, wakati wa baridi, jua halina adabu: saa kumi na moja na nusu limeshaondoka. Nikakaa kitandani na jagi mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuoane jua kutua na hasira zetu, na mwenzangu yuko getini gizani. Niliogopa, Mama. Niliwaza mabaya yote.

Neema akaniuliza, kwa Kiingereza chake, jagi ni la nini. Nikamweleza. Akafikiri, kisha akauliza kama jua limetua na kwako pia, kwa Koko, bibi yake. Nikasema kwa Koko halichezi kama la huku. Akachukua simu.

Ndiyo simu ile uliyodhani mtoto anacheza.

"Koko, jua yako iko?" Ukamwambia liko, linakaribia milima. "Eish, Koko, uishike! Usiache iende!" Sijui Kiswahili hicho alikuwa amekificha wapi.

Papo hapo akampigia baba yake. "Papa, kwa Koko jua bado iko. Nawa mikono, mbio mbio!"

Nikamnyang'anya simu, nikamwambia mume wangu kwamba mimi ndiye ninayemmiminia, ingawa chupa ya maji anayo yeye huko getini. Nikasikia kifuniko, halafu ukelele, maji ya baridi yamempata vidoleni. Akacheka. Nami nikacheka huku nalia.

"Ni Neema njo alimuuliza Koko? Na Kiswahili?"

"Ni yeye."

"Fungua begi ya mutoto," akasema.

Wiki nzima nimeligeuzageuza jambo hili kichwani nikiwa kwenye cherehani. Je, tulilitii neno au tulilikwepa? Jua la hapa lilikuwa limetua, hakuna ubishi. Mama Furaha anasema Mungu hadanganywi kwa simu. Mimi nasema jua ni lile lile moja, tunapokezana tu. Muulize mchungaji wenu, uniambie alivyojibu.

Neema atakuwa anakupigia jioni akusimulie siku yake kwa Kiswahili. Akikosea, usimcheke sana.

Msalimie Baba, shangazi yangu wa kwaya, mama mkwe wangu, na kaka mkubwa mwenye pikipiki. Mwambie avae kofia ya chuma.

Na kama umekasirika kwamba Mama Furaha amekuja mikono mitupu, Mama, nawa: barua hii ndiyo maji yangu kwako. Kisha tupigie leo hii, usingoje kesho. Kwetu giza litakuwa limeshaingia, lakini kwako jua bado lipo, na Neema ndiye atakayepokea.

Binti yako,
Espérance, Mama Neema