Uji ya Mbele ya Operasyo

Mujukuu wangu Neema,

Siye huku Bigo tuko salama kidogo. Baba yako alipona malaria. Unauliza maneno ya Kifaransa ya munganga unayosoma kule Kisangani iko na faida gani.

Nilikuwa kijana. Munganga alisema kaka yangu abakie à jeun mbele ya operasyo, neno ya Kifaransa yenye siye hatukuijua. Tukajibu wote, «Ndiyo, docteur», maana kumuuliza ilikuwa kama kukosa heshima. Asubuhi mama akamunywesha uji: kwetu mugonjwa haendi kupasuliwa na tumbo butupu. Mu operasyo uji ikapanda, ikaingia mu mapafu. Hakuamuka.

Weye, usiseme à jeun; umuambie mugonjwa tu: usikule kitu.

Munganga alituelezea kiisha. Siye hatukumuelezea mama. Alikufa akiamini kama ile uji ilimupatia mutoto wake nguvu.

Koko wako