Motere ilikuwa na kiu

Kinshasa, siku ya posho, Jumamosi

Maman yangu mupendwa,

Jambo sana. Barua hii ikukute na nguvu, wewe na batu bote ya Nyantende. Mugongo yako iko namna gani? Dada Nsimire, wewe njo utamusomea Maman: soma pole pole, na kwanza umuambie Cikuru iko muzima.

Maman, Cikuru alianguka na kagari ya mashindano. Muguu ya kuume ilivunjika pahali pabili. Tuko naye ku lopitali tangu Jumapili, siku ya Mungu. Nataka uisikie kwangu, juu patron, bosi yetu, ameisha panda ndeke ya Bukavu, na yeye atakuelezea mambo vile anapenda.

Unajua tulikuja juu ya mbio ya kale kagari kadogo ya patron. Cikuru, mudogo wangu, anaendesha, mimi natengeneza motere. Kwetu ni mulima, hewa iko nyepesi, motere inaomba esanse, petroli, kidogo tu. Hapa ni chini, hewa iko nzito. Usipoongeza esanse, motere inaungua. Siku ya kwanza nikatoa buji, ile inawasha moto ndani ya motere: ilikuwa nyeupe sawa chokaa, na ile ya motere yenye afya iko rangi ya kahawa. Nikafungua kidogo visi ya karburatere, esanse ikaingia mingi, joto ikashuka. Lakini mbio nayo ikapunguka, patron akakasirika. Siku ya mashindano akaja mwenyewe, akakaza ile visi tena.

Nikamuambia, "Patron, itakimbia mizunguko tatu, ine, kisha itakwama. Ikikwama, magurudumu ya nyuma nayo inakamatana."

Akasema, "Mugisho, mimi njo mwenye motere. Wewe uko fundi."

Nikamuendea Cikuru, nikamuomba asiende. Akacheka, akasema akishinda patron atamuweka dereva yake kule Bukavu. Nikamufungia kofia ya mbio.

Maman, alianza kushinda. Alikuwa mbele ya bote, batu banapiga makofi, na mimi nasikia sauti ya motere inapanda, inakuwa nyembamba, naelewa kila kitu na sina cha kufanya. Nikapunga mikono kando ya njia. Alifikiri namushangilia, akanipungia na yeye. Kisha sauti ikakatika, magurudumu ya nyuma ikakamatana.

Munganga anasema muguu itapona, lakini atachechemea. Cikuru hajajua. Kila asubui ananiuliza kama patron atamungojea ku ile kazi. Najibu ndiyo.

Umusalimie tonton Cirhuza anayetuchungia ngombe, na muke yangu Nabintu. Umuambie sikumusahau, ni maneno tu njo inanikosa.

Mutoto yako mukubwa, asiyejua atarudi na Cikuru siku gani,

Mugisho