Kitambaa cheupe cha Zini

Jumapili, Lewisham

Yule mgeni simwamini, na leo nimepata sababu.

Tulikuwa kwa jirani yangu Zini, Mkurdi, tunakunywa chai ya sikukuu yao ya Mwaka Mpya. Vijana wawili wakabishana juu ya maandamano, nusura washikane mashati. Zini akavua kitambaa chake cheupe cha kichwa, akakitupa chini katikati yao. Kwao mama akifanya hivyo, ugomvi umekwisha. Wote wakaganda. Mgeni peke yake, anayejiita Mkurdi mwenzao, akakikanyaga kwenda kuchukua sukari!

Mkurdi gani huyo? Na kutwa anauliza nani kabaki kijijini, nani ana ndugu milimani kwa wapiganaji. Serikali ya kwao hufunga watu kwa maneno madogo kuliko hayo.

Nikamvuta Zini jikoni. "Mwanangu, usimtajie yule jina la kaka yako aliyebaki kwenu."

Akashika sinki kwa mikono miwili. "Bibi, nilimtajia juzi. Na mahali anapokaa."

Nikamkumbatia, kisha nikatoka nimfukuze yule mshenzi. Keshaondoka.

Zini anampigia kaka yake tangu jioni. Mpaka naandika haya, simu inaita tu.